Geji ya Mtungi Mweusi

Mimi, Bwanausi bin Mwinyijuma, ni mtu wa hasira za karibu, na sioni haja ya kulificha hilo kwa kuwa Mbegani nzima inalijua. Nilifanya kazi miaka kumi na miwili katika mashamba ya chumvi, nikifungulia maji ya bahari yaingie na kuyafungia yasitoke, hata chumvi ikanipasua nyayo nikawa siwezi kuvaa kiatu siku ya Idi. Kwa hiyo mwaka ule wa kutawazwa Malkia wa Uingereza, iliponadiwa kwamba serikali inataka watu watano wafundishwe kuunga mabomba ya maji kwa moto, nilikwenda kujiandikisha kabla mpiga mbiu hajafunga mdomo. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Wenzangu wa chumvini walinicheka, wakasema jitu zima lenye ndevu linarudi chuoni. Niliwajibu maneno ambayo siyaandiki hapa.

Mafunzo yalikuwa ya miezi minne, katika banda la mabati nje kidogo ya mji wa Bagamoyo. Atakayefaulu angepewa cheti na kazi ya kuunga bomba kuu la mji. Atakayeshindwa angerudi alikotoka, na kwangu mimi kurudi maana yake ilikuwa chumvi. Nilikuwa nimekwisha kumwambia mke wangu, Mwaija, kwamba jembe la chumvi ampe anayelitaka.

Mwalimu wetu alikuwa Fundi Kombo, Mpemba mfupi mwenye sauti ndogo, aliyetoka kwao angali kijana akaenda kujifunzia kazi Nairobi. Siku ya kwanza alitusimamisha mbele ya mitungi miwili ya chuma, mmoja mweusi mrefu, mmoja mwekundu mnene. Akatueleza kwamba mwekundu una gesi inayowaka, na mweusi una hewa kali iitwayo oksijeni, ambayo ndiyo inayoufanya moto uyeyushe chuma. Juu ya kila mtungi hufungwa geji, kidude chenye uso kama wa saa, cha kupunguzia kasi ya kinachotoka.

"Sikilizeni vyema," akasema. "Huu mweusi hautaki mafuta. Msitie mafuta mdomoni mwake, wala kwenye geji yake, wala kwenye spana mnayofungia. Mafuta yoyote, hata haya ya nazi ya kupikia wali. Ukikutana na mafuta huwaka wenyewe, haungoji kiberiti."

Nilisikia. Nalisema hili ili mtu asije akadhani nilikuwa nimesinzia. Nilisikia neno kwa neno, hata hilo la nazi, na moyoni nikamcheka. Nani asiyejua kwamba chuma cha pwani bila mafuta ya nazi ni vumbi? Kwetu bawaba hupakwa mafuta, kufuli hupakwa mafuta, cherehani ya mama hupakwa mafuta, na ile pampu ya chumvini isingefika mwezi kama nisingeipaka kila Ijumaa. Nilijisemea kwamba huyu bwana kaondoka pwani mdogo, kakaa bara kwenye hewa kavu, kasahau chumvi inavyokula. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa zima kabisa, ila lilikuwa na kiburi.

Tulifundishwa wawili wawili, wa tano akisaidiana na Fundi mwenyewe, na mimi nikapangwa na Mkwere mmoja kutoka Lugoba aitwaye Mgeni. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mrefu, wa maneno machache, ambaye hakuwahi kuiona bahari mpaka alipokuja kwetu. Nilimtania kutwa. Nilimwuliza kama kwao huwasha moto kwa kupekecha vijiti, kama anajua kwamba samaki wana miiba. Alikuwa akitabasamu tu na kusema, "Haya bwana, ninyi ndio wenye mji."

Lakini kazi aliijua kunipita, na hilo lilinichoma kuliko moto wenyewe. Kuunga bomba kunaanza na tupa. Unasugua midomo ya vipande viwili mpaka ikae mshazari, unaviweka uso kwa uso na kuacha mwanya mdogo, kisha mmoja anavaa miwani myeusi na kushika moto, na mwingine analigeuza bomba polepole juu ya magurudumu. Chuma kinayeyuka kinakuwa kidimbwi kidogo chekundu, na mbele ya kidimbwi panafunguka tundu dogo. Hilo tundu ndilo unaloongoza, unalilisha waya huku ukilifuata, hata limalize kuzunguka. Ukichelewa, tundu linapanuka na chuma kinadondoka ndani. Ukifanya haraka, chuma kinashika juu juu na chini panabaki wazi. Ukingo wa Mgeni, yaani ule mstari wa chuma kilichoganda, ulitoka umelala vizuri kama mshono wa kofia. Wangu ulitoka kama mavi ya kuku.

"Unagombana na chuma, ndugu yangu," Fundi Kombo aliniambia siku moja. "Chuma hakina habari nawe."

Niliondoka pale nikaenda kupiga teke ndoo.

Mwezi wa pili ulipokuwa unakwisha, nati ya kufungia geji ya mtungi mweusi ilianza kuwa ngumu. Kila asubuhi ililia kama mlango wa ghala, na kila asubuhi nilikereka. Siku ya Alhamisi nikaamka mapema, nikamwomba Mwaija kichupa cha mafuta ya nazi.

"Ya nini, Baba Sihaba?" akaniuliza. Sihaba ndiye binti yetu wa kwanza.

"Kuna kitu kinakwama kazini."

"Fundi kakuagiza?"

"Kwani mimi mtoto, mpaka niagizwe?"

Akanipa. Nilifika bandani kabla ya wote. Nikapaka mafuta ndani ya nati ya geji, nikaizungusha mpaka ikawa laini, kisha nikaona haya kuiacha ile geji ya akiba iliyokuwa sandukuni, nikaipaka nayo. Nikapangusa kwa nje pasionekane kitu. Nilijisikia kama mtu aliyetoa sadaka ya siri.

Alhamisi ndiyo siku aliyokuwa akija Bwana Mkaguzi, Mzungu mmoja kutoka Dar es Salaam, pamoja na karani wake. Zamu ya kufunga geji ilikuwa ya Mgeni. Akaizungusha kwa mkono, ikaingia bila hata kulia. "Leo imekubali," akasema, nami nikatabasamu peke yangu. Fundi Kombo akaja kufungua mtungi, akasimama kwa ubavu kama alivyokuwa akitufundisha siku zote, uso kaugeuzia pembeni, akazungusha ufunguo.

Palitoka mlio kama wa bunduki na ulimi wa moto mweupe. Ile geji ilipasuka kioo na kuyeyuka upande mmoja. Fundi Kombo aliwahi kuufunga mtungi, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua hadi kwenye kiwiko na nyusi moja ilikuwa imekwenda. Angekuwa amesimama mbele, tungekuwa tunatafuta sanda.

Tulikuwa bado tunammwagia maji mkononi Bwana Mkaguzi alipokuja mbio.

"Nani amefunga geji?"

"Mimi, bwana," akasema Mgeni.

Mgeni alikuwa na desturi ya kwao ya kujipaka mafuta ya mbarika, na ingawa siku zote alinawa kwa sabuni kabla ya kazi, mikono yake ilikuwa na ngozi ya kung'aa. Bwana Mkaguzi aliikamata ile mikono, akaitazama, akaiachia.

"Mafuta!" akasema. "Huyu karibu amwue mwalimu. Aende kwao leo."

"Ngoja kwanza, bwana," Fundi Kombo alisema huku meno kayauma kwa maumivu. "Tuulize."

Bwana Mkaguzi akatugeukia sote. "Kuna mwingine aliyeigusa geji hii leo?"

Nilinyamaza. Nataka nieleze nilivyonyamaza, maana watu hudhani kunyamaza ni kutofanya kitu. Mimi nilifanya kazi kubwa. Nilitazama vidole vyangu vya miguu, vile vilivyopasuka, nikavihesabu. Nikaiona pampu ya chumvini na jembe nililokwisha kuligawa kwa maneno. Mgeni akachukua kanzu yake na kofia kwenye msumari ukutani. Hakubisha. Kabla ya kutoka alinitazama, si kwa kunishuku, ila kwa kuwa mimi ndiye mwenzake, na mtu akiwa na shida hutazamia mwenzake aseme japo neno. Sikusema.

Akatoka. Fundi Kombo akafungwa kitambaa chenye maji mkononi, akasema kazi haiwezi kusimama, akamwambia Ramadhan, mwanafunzi mwingine, alete geji ya akiba.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hiyo nayo nilikuwa nimeipaka. Ramadhan aliitoa sandukuni, akaifunga kwenye mtungi mweusi, nayo ikaingia laini. Harufu ya nazi ilinijia pale nilipokuwa, au labda ilikuwa akilini mwangu tu. Ramadhan alijiandaa kufungua mtungi huku kasimama mbele, maana hakuwa na akili ya Fundi Kombo. Aliushika ufunguo.

"Usifungue!" nilipiga kelele. "Ina mafuta! Nimetia mimi! Zote mbili nimetia mimi!"

Ningependa kusema kwamba nilisema kwa kumwonea huruma Mgeni. Hapana. Mgeni nilikuwa nimekwisha kumwacha atoke mlangoni. Nilisema kwa hofu ya kuona kichwa cha Ramadhan kikiwaka, na haki ya Mgeni ikapata kupanda humo humo kama abiria.

Mtu mmoja alitumwa kumkimbilia Mgeni barabarani. Bwana Mkaguzi hakupiga kelele, na nadhani ningefurahi kama angepiga. Alimwamuru karani alete orodha, na karani akapiga mstari juu ya jina langu, mara mbili, kwa rula.

Jioni nilimweleza Mwaija yote. Aliacha ukili aliokuwa akisuka.

"Ungeua watu kwa kichupa changu," akasema.

"Ndiyo."

"Na yule Mkwere ukamwacha aondoke?"

"Ndiyo."

Akauchukua tena ukili wake. "Kesho ukawaombe radhi. Usipokwenda, mimi nitakwenda, na nitakuja na mama yako."

Nilikwenda. Mgeni aliniona kwa mbali akaingia ndani ya banda. Fundi Kombo alinipokea nje, mkono wake umefungwa kwa majani ya mgomba. Nilimshika mguu nikamwomba radhi, akaniinua kwa mkono mzima.

"Kwenye orodha ya Bwana Mkaguzi mimi sina uwezo," akasema. "Kwenye mlango huu ninao. Chukua ndoo, chukua sabuni, ukae hapa mlangoni. Kila anayeingia anawe, kisha umnuse mikono. Ukisikia mafuta, mrudishe akanawe tena, hata nikiwa mimi."

"Kwa nini mimi, fundi?"

"Kwa sababu wewe harufu yake umeijua."

Basi mimi Bwanausi, niliyeringa Mbegani nzima, nikawa mnusa mikono ya watu. Wapita njia walikuja kutazama. Wenzangu wa chumvini walikuja makusudi siku ya mapumziko yao, wakaninyooshea mikono na wengine wakaninyooshea miguu. Nyumbani tulikula kwa ukili wa Mwaija. Nilikuwa na hasira asubuhi na hasira jioni, lakini kila nilipotaka kuondoka nilimwona Fundi Kombo akishika tupa kwa mkono wa kushoto, nikakaa.

Mgeni hakuwahi kuninyooshea mikono yake. Alinawa, akanipita, akaenda kunuswa na Fundi mwenyewe. Wiki saba alifanya hivyo, wala sikumlaumu.

Siku kumi kabla ya mtihani, nilisikia bomba likianguka ndani na Mgeni akigomba kwa Kikwere. Sikuwahi kumsikia akigomba. Akatoka nje jasho likimtiririka, akanawa kwa sabuni mara mbili, akaninyooshea mikono usoni.

"Nusa."

Nikanusa. "Hamna kitu."

"Haya, njoo unigeuzie bomba. Huyu Ramadhan analizungusha kama anakoroga uji. Matatu kaniharibia."

Sikuinuka. "Mgeni, nilikukalia kimya."

"Najua."

"Nisamehe, ndugu yangu. Sikukutendea haki, na tangu siku ile sijalala vizuri."

"Nimesikia," akasema. "Njoo ugeuze."

Tukaingia. Aliuwasha moto, nami nikashika bomba, nikaligeuza kwa mwendo ule tuliokuwa tumeuzoea, nikilitazama tundu dogo likitangulia. Ajabu ni kwamba sasa nililiona. Miezi miwili niliyoshika moto mwenyewe sikuwa nimelitazama hata siku moja, nilikuwa nikitazama ukingo wa Mgeni na kuuonea wivu. Sasa, kwa kuwa mtu asiye na jina kwenye orodha hana wa kushindana naye, nikaona jinsi kidimbwi kinavyosita kabla ya kuanguka, na jinsi Mgeni anavyokipa nafasi.

Tulipomaliza, Fundi Kombo alikuja akalitazama lile bomba. Akaweka miwani myeusi juu ya meza, karibu na mkono wangu, pamoja na vipande vya bomba vilivyokatwa vibaya, akaenda zake kusali Alasiri.

"Kaniambia nikugeuzie," Mgeni akasema.

"Lini kakuambia?"

"Tangu juzi. Nilikuwa bado natafakari."

Kila siku baada ya kazi, jua likiwa bado juu, nilishika moto na Mgeni akageuza. La kwanza lilivuja. La pili lilivuja. La tatu nililitupa mwenyewe kabla ya kulipima. Hasira zangu zilikuwepo bado, lakini zilikuwa zimechoka kama punda wa Jumamosi, na zilipotaka kupanda Mgeni alisema tu, "Lisubiri," nami nikasubiri. La sita lilipopoa nilipitisha kidole juu ya ukingo wake, nikaona umelala. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Siku ya mtihani Bwana Mkaguzi alifika na karani wake. Kila mwanafunzi alikuwa amechomelea bomba lake jana yake mbele ya Fundi Kombo, na yalikuwa yamepangwa juu ya mbao, langu nalo Fundi kaliweka la mwisho. Kila bomba lilizibwa huku na huku, likajazwa maji, likasukumwa kwa pampu ya mkono mpaka mshale wa geji ukafika alama nyekundu. Kisha watu wakakaa kimya robo saa nzima kuona kama mshale utashuka. La Mgeni halikutoa hata unyevu. La Ramadhan lilitoa jasho, akaambiwa alirudie. Mengine mawili yalishika.

"Lete linalofuata," akasema Bwana Mkaguzi, na watu wakaleta.

Nilikuwa mlangoni na ndoo yangu. Moyo ulikuwa ukinipiga hata nikadhani wataniona kanzu ikiruka. Maji yakaingia, pampu ikasukumwa, mshale ukapanda. Robo saa ikapita. Bwana Mkaguzi akaligonga bomba kwa nyundo, mara tatu, akapitisha kidole ukingoni, kote, kama anatafuta mwiba. Mshale haukutikisika.

"Hili zuri," akasema. Halafu akatazama karatasi yake, akayahesabu mabomba kwa kidole. "Wanafunzi ni wanne. Mabomba ni matano. Hili la nani?"

Fundi Kombo akatazama chini. Yeye ndiye aliyeniruhusu, na kuruhusu huko kulikuwa kosa juu ya amri ya mkubwa wake. Nilijua kwamba nikijitaja ninamtaja na yeye, na mkono wake nilikuwa nimekwisha kuuunguza. Nikauma ulimi. Nilikuwa tayari bomba lile liende likatupwe chakavuni, nami nirudi chumvini bila kinyongo, wallahi. Nilihuzunika, lakini nilikuwa tayari.

"Nauliza tena. La nani?"

Mgeni akapiga hatua mbele.

"La Bwanausi, bwana," akasema. "Kalichoma mwenyewe. Nimemgeuzia mimi kwa mikono yangu."

Bwana Mkaguzi akageuka polepole kuelekea mlangoni. "Bwanausi yule wa mafuta?"

"Ndiye huyo."

"Nani alimpa ruhusa?"

"Mimi nilimwita ndani," akasema Mgeni, na hapo alikuwa anasema kweli, ingawa si kweli yote. "Nilikuwa sina wa kunigeuzia. Tangu siku ile, bwana, hakuna mkono wenye mafuta uliopita mlango huu. Yeye ndiye anayeuzuia. Nami kama ni kufutwa, jina langu hilo hapo kwenye orodha, lifute kama ulivyolifuta lake."

Mimi niliyemwacha mtu huyu atoke mlangoni na kofia yake mkononi, nilimwona akisimama pale akiweka Lugoba yake yote, na safari yake yote, juu ya bomba langu. Machozi yalinitoka mbele ya watu, na sikuyazuia.

Bwana Mkaguzi aliutazama mkono wa Fundi Kombo wenye kovu, akautazama mshale wa geji. Ulikuwa pale pale.

"Fundi," akauliza, "huyu mtu bado ni hatari?"

"Alikuwa," akajibu Fundi Kombo. "Sasa katika banda hili ndiye ninayemwamini zaidi na mtungi mweusi."

Bwana Mkaguzi akashusha pumzi. "Mwandike chini ya wengine."

Karani akachovya kalamu yake, akaniuliza jina langu na la baba yangu. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Nikajaribu tena, haikutoka. Mgeni akamsogelea karani, akamtajia yeye.